Hesabu ya Sunnvá

Klaksvík, Mei. Bado mvua ya mawe.
Sunnvá ameinamia hadubini, chai imepoa,
kidole gumba kwenye kibonyezo, anahesabu
vidudu vya bahari, kila kimoja nusu punje ya mchele
na tone lake la mafuta, rangi ya mawese.

Mwaka huu matone ni madogo.
Wanono wamehamia kaskazini, wameifuata baridi.
Waliokuja ni wembamba, tena wamewahi:
karamu nusu imeliwa, mayai jabalini hayajapasuka.

Haba na haba,
lakini kibaba hakijai.

Julai kinda atalishwa, mdomo hadi mdomo,
atameza,
atalia tena.

Sunnvá anafuta lenzi, anaanza upya
kama mteja anayerudia kuhesabu chenji,
muuza duka akitazama pembeni.