Siti Mbili

Niliikuta Kizota, nyuma ya mashine ya alizeti,
kichwa chini ya turubai, makalio juani,
pikapu ndogo, namba A, rangi ya maziwa yaliyolala.
Muuzaji akaipiga kofi begani kama mbuzi wa mnadani:
"Hii, mama, haijui gereji."
Basi leo, nikamwambia, itajuana na fundi wangu.

Nehemia Mbijima akavua viatu, akatandika boksi,
akaingia mvunguni. Tukabaki na miguu yake,
nayo miguu ikaanza kusema:
chesisi nzima.
Oili inavuja, lakini kwa adabu,
tone moja moja, kama mtu anayelipa deni.
Springi za nyuma zimelala, huyu alibebeshwa kokoto.
Bushi hakuna. Palipokuwa na bushi pana matumaini.

Mimi si fundi. Nasoma kwa kiganja.
Nikapitisha mkono chini ya mlango,
rangi ikapanda na kushuka kama njia ya Mvumi:
puti juu ya kutu, kutu juu ya puti.
Dashibodi inasema kilometa elfu themanini na mbili.
Pedali ya klachi, iliyolika hadi chuma,
inasema zidisha kwa nne ndipo tuzungumze.
Na kwenye bodi, mikwaruzo midogo, miwili miwili:
kwato.

Lakini nisiseme uongo kwa kuwa nataka bei ishuke.
Fungua boneti uone. Injini imekaa peke yake,
pembeni pana nafasi ya mkono na spana,
hakuna waya wa kukuuliza wewe ni nani.
Ikikuzimikia Hombolo saa mbili usiku,
fundi pikipiki yeyote ataiamsha
kwa bisibisi na kipande cha mpira wa ndani.
Vipuri vyake vipo Majengo, vimetundikwa misumarini
kama kambare wakavu.
Mafuta inalamba, hainywi.

Na upana wake!
Nilikuwa na kamba mfukoni, ina fundo,
niliipima jana jioni kati ya mstari na mstari wa mizabibu.
Nikaivuta kutoka kioo hadi kioo. Ikabaki shubiri.
Lori la Chilongani, kila Machi, husimama barabarani,
sisi tukabeba kreti kichwani, maji ya zabibu shingoni,
nyuki wakitusindikiza kama wana mkataba.

Siti mbili tu. Hilo nililiona mapema nikalirukia.
Nina watoto wanne, mume,
na mama mkwe mwenye goti bovu,
kliniki kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.
Tena ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi:
kwenye korongo matairi yatacheza, gari halitasogea.
Itabidi nibebe viroba vya mchanga
ili nivuke mchanga.

Muuzaji akataja milioni kumi, akatazama pembeni.
Nehemia akatoka mvunguni, oili shavuni,
hakusema neno, akakohoa mara mbili.
Mara moja ni ondoka. Mara mbili ni kaza.
Nikatoa bushi. Nikatoa springi, nikatoa klachi.
Nikatoa na ile kauli kwamba haijui gereji.
Kufika adhuhuri zilibaki sita na laki tatu,
na kadi yenye jina la mtu mwingine kabisa,
tukamfuata Makole, tukamkuta kwa kinyozi,
akasaini na povu kidevuni.

Nyumbani Lameki akaizunguka mara moja,
akachungulia dirishani, akahesabu kwa macho.
"Inakaa watu wangapi?"
Wawili. Mimi na mama yako.
"Na mimi?"
Nyuma, na zabibu.
Ushike vizuri kreti ya juu.
Tukifika korongoni
tutauhitaji sana uzito wako.