Bega la Kushoto

Lilianza Machi, kwa dumu la maji la lita ishirini.
Si ajali, si vita, wala jambo la kusimulia:
nililinyanyua kama siku zote, pale bombani Namakwekwe,
na ndani ya bega kitu kikasema ta,
kama kijiti cha kiberiti kikivunjika mfukoni.
Nikafika nalo nyumbani. Nikapika.

Aprili mradi ukafunga virago.
Tukapewa cheti, soda, na mkono wa kwaheri.
Mei nikajua kwamba bega lina saa zake:
saa nane usiku huamka, huniamsha,
hunihesabia karo ya Wopuwa,
kodi ya nyumba, karo ya Wopuwa.

Sista Asekenye wa mazoezi ya viungo
huniambia nipandishe vidole ukutani kama buibui.
"Leo umefika wapi?"
Kwenye ufa. Wiki jana nilikuwa chini ya ufa.
Anaandika. Ni mtu pekee mwaka huu
aliyeandika mahali kwamba nimepanda.

Kampuni ya dawa za mifugo yatafuta mwuzaji
wa kuanzia Mbale, Kumi, Ngora, hadi Soroti:
awe na diploma (ninayo),
awe mchangamfu (nitajitahidi),
awe na gari lake mwenyewe.

Hesabu hii nimeigeuza kila upande.
Bila kazi hakuna gari, bila gari hakuna kazi,
na katikati yao bega, linalotaka kulipiwa kila Alhamisi.
Kuku na yai angalau walikuwa wawili.

Dalali Higenyi ana magari saba
nyuma ya kinu cha mahindi, yote yamepakwa unga,
na juu yao mlima Wanale umekunja mikono, haununui kitu.
"Mama, hili lilikuwa la daktari."
Na hili? La daktari.
Magari saba, madaktari saba;
kumbe ndiyo maana foleni ya hospitali haisogei.

La kwanza ni la gia za mkono, bei naiweza.
Gia ya kwanza, sawa.
Ya pili, nikauma meno.
Ya kurudi nyuma, nikaona nyota saa tano asubuhi.
"Gia nzito, eh?" akasema Higenyi, akipunguza laki mbili.
Sikumwambia kwamba gia ni nyepesi.

La pili hujibadilishia lenyewe. Nikawasha,
na mwanamke asiyeonekana akanisalimu kwa Kijapani,
sentensi ndefu, yenye adabu, isiyo na haraka.
"Anakukaribisha," Higenyi akasema. Labda.
Labda anasema breki zimekwisha.
Labda anauliza, wewe kweli ni daktari?
Milioni kumi na nne.
Nina sita, na kipande cha kahawa cha marehemu mama
kule Budadiri, ambacho kaka zangu
bado hawajajua kwamba nakifikiria.

Jumatatu, usaili. Nilivaa koti kama nilivyofunzwa:
mkono mgonjwa huvaa wa kwanza, huvua wa mwisho.
Kwenye fomu: Je, una tatizo lolote la kiafya?
Mkono wa kulia ukaandika Hapana.
Wa kushoto ulilala mapajani, kimya,
kama mtoto aliyewasikia wakubwa wakidanganya.

"Na gari, unalo?"
"Lipo," nikasema.
Na kweli lipo. Nyuma ya kinu cha mahindi,
pamoja na mwanamke wake na salamu zake.

Watapiga simu Ijumaa, au hawatapiga.
Usiku huu nimesimama tena ukutani,
vidole vikitambaa, jasho likinitoka,
na buibui amevuka ufa kwa nusu kidole.
Wopuwa amepanda kiti, akachora alama kwa penseli,
akaandika tarehe kwa mwandiko wake wa kulala.
Mwezi kakosea. Kaandika Machi.
Nimeuacha.