Mbunifu Anyamaze

Sheria ya jaribio ni moja: mbunifu anyamaze.
Atoe simu, asome kadi, kisha aume ulimi
na kutazama vidole.

Sebuleni kwetu, Namakwekwe, Jumapili baada ya mvua.
Wanale umevuta wingu hadi kidevuni.
Nimenunua chapati na mayai, rushwa ya watahiniwa.
Daftari gotini, na tovuti niliyoijenga wiki tatu, usiku usiku,
kwa ajili ya nyumba ya watu wanne na mita moja ya Yaka.

*Umenunua umeme wa elfu ishirini. Uingize, ugawe.*

Khainza ametoka zamu ya usiku hospitalini,
soksi bado miguuni. Anabonyeza picha ya balbu.
Haifunguki; ile ni pambo.
Anabonyeza tena, kwa nguvu zaidi,
kama watu wanavyompigia kiziwi kelele.
"Balbu yako imeungua," anasema,
na Adriko anacheka hadi chai inampalia.
Naandika: inafanana na mlango, basi iwe mlango.

Adriko, dakika nne nzima, anatafuta pa kumalizia.
Neno liko mbele yake: *Hifadhi*.
"Mimi hifadhi ni kwa tembo," anasema.
"Andika *Weka*, watu tulale."
Naandika: Weka.

Kisha anaona elfu tano zake, anakunja uso.
"Wiki mbili nilikuwa Arua, matangani kwa shangazi.
Niliwasha taa gani hapa?"
Tovuti imegawa sawa kwa sawa, bila haya.
"Na bomba lilipokauka," Khainza anadakia,
"yale madumu sita ya kutoka kisimani,
mgongo wangu unaingia kisanduku kipi?"

Kuna kisanduku cha kiasi. Cha tarehe.
Kuna cha picha ya risiti.
Nauma ulimi.

Okwalinga ni wa mwisho. Anafuta miwani kwa shati.
*Tafuta nani anadaiwa, na kiasi gani.*

Sekunde sita.
Hakukosea, hakurudi nyuma, hakuuliza.
Kwa kila kipimo ninachokijua, ule ulikuwa ushindi.
Jina lake juu kabisa, herufi nene, jekundu
niliyoichagua kwa sababu inasomeka hata juani:
*Okwalinga. Laki moja na themanini na saba elfu.*

Tangu kiwanda cha mchele kifungwe
namba hiyo haikuwahi kukaa nasi mezani.
Khainza alizidisha posho sufuriani, akadai kakosea kipimo.
Adriko alileta mtungi wa gesi, akasema ameshinda kamari ya mpira,
yeye asiyejua hata timu zinazocheza.
Mimi ndiye niliyejumlisha.
Ningeweza kubuni majina, Fulani na Fulani,
lakini nilikuwa nimechoka, na hesabu zetu zilikuwa tayari.

Chapati zinapoa.
Khainza anavua soksi moja, anaivaa tena.

"Ni rahisi kutumia," anasema Okwalinga,
akinirudishia simu kwa mikono miwili.
"Hata mtoto angeona."

Usiku nabadilisha rangi. Kijivu: bado inasomeka.
Nafuta *Anadaiwa*, naandika *Bado*.
Nafuta *Bado*.
Naongeza kisanduku, nakiita *Mengineyo*,
cha madumu, cha posho iliyozidi, cha matanga,
kinaniuliza: shilingi ngapi?
Nakiacha wazi, nacho kinakataa kuachwa wazi;
mimi mwenyewe ndiye niliyekifundisha kukataa.

Mita inalia ukutani, pi, pi, pi, kisha giza.

Mlango wa pili unafunguka. Tochi.
Okwalinga, peku, kikaratasi mkononi,
anaingiza tarakimu ishirini, moja moja,
akizinong'ona kama mtu anayehesabu vifaranga.
Amezipata wapi, sijui.
Leo mchana kutwa sikuisikia redio yake.

Taa inarudi. Ananiona na simu yangu,
kidole changu kimeshafika kwenye balbu.

"Hiyo usiiandike," anasema.