Kifungu cha Ufa

Wodi ya wazazi ilipozinduliwa pale Katakwi
mkasi ulikuwa na risiti yake:
shilingi elfu kumi na nane, utepe mbali.
Niliiandika mimi, Asekenye, karani wa vifaa,
kwa kalamu ileile niliyoandikia saruji.

Hakuna aliyeuliza paa litakula nini.

Maana jengo hula, jamani.
Hula balbu, hula koki, hula rangi kila mwaka wa tano,
hunywa dizeli umeme ukikatika,
na mchwa wa Teso hawangoji bajeti ya Julai.
Bei tuliyotia saini ilikuwa mahari tu.
Ndoa ni miaka arobaini.

Okiror, fundi bomba, alikuja mwaka wa pili
na kipande cha mfereji wa paa mkononi, kama mfupa.
"Mama, nipe laki mbili. Maji yanaingia ukutani."
Nikafungua daftari la vifungu:
ujenzi, upo. Uzinduzi, upo. Posho za wageni, zipo.
Mfereji haukuwa na jina.
Nikaomba wilayani. Nikaomba tena.
Barua ya tatu ilirudi na swali:
mfereji gani?

Mvua ya Aprili ikajibu.

Ufa ulianzia juu ya kitanda namba saba,
mwembamba kama uzi wa kufungia kitovu.
Amongin, aliyejifungulia hapo mara mbili,
alisema ulimsaidia kuhesabu pumzi.
Mwaka wa sita kikaingia kidole.
Mwaka wa tisa akaingia mjusi na ukoo wake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta: tumefundishwa sote.
Ila sisi hatukuujenga.
Tulipewa. Wodi mpya, ng'ambo ya ua,
bati la buluu, jiwe lenye majina ya wakubwa,
milioni mia tisa,
na utepe.

Nimeutoa mkasi uleule. Bado mkali.
Ndicho kifaa pekee kilichotunzwa hospitalini humu,
kwa kuwa hulala kwenye droo yangu
na huupaka mafuta ya cherehani bila kumwomba mtu.

Safari hii, kabla sijaandika saruji,
nimepiga mstari chini kabisa ya ukurasa
kwa penseli, maana wino si mamlaka yangu:
*Mfereji. Laki mbili. Kila mwaka.*

Okiror, mvi zimemjaa sasa, akainama kusoma.
"Andika na upande wa paa," akasema,
"wasije wakauliza tena."