Ua Wangu, Ua Langu

Usiku walipokuja mara ya kwanza
walibeba mtungi wa gesi, redio,
na cherehani yangu ya mkono,
pamoja na gauni la Mwanamkuu lililokuwa chini ya sindano,
pindo bado, harusi Ijumaa.
Nilipoamka nilikuta uzi mweupe
umetambaa kutoka mezani, ukapita kizingitini,
ukavuka uchochoro, ukakatika.

Jirani yangu Ghalib akasema: weka waya wa umeme.
Wa kwake hulia kama nzi aliyenaswa chupani,
lakini Mtopanga stima ina siku zake,
na siku hizo ua wa Ghalib ni kamba ya kuanikia.
Upande wa pili wamepanga vigae vya chupa juu ya ukuta;
paka wao anachechemea.
Mie ukuta sina. Nina mawe ya matumbawe,
mchanga wa chumvi, na mikono.

Nikaenda barabara ya Bamburi
kwa Mwarandu, muuza miche.
"Wataka ua la kupendeza, ama ua wa kuzuia?"
Nikacheka. Maneno haya mawili
yalitoka tumbo moja,
na lipo la tatu, la kuua; hatukulitaja.
Akanipa bogenvilia za zambarau:
"Hizi zitakuombea radhi kwa wapita njia."
Dungusi sita: "Hizi haziombi."
Kayaba thelathini, ndogo kama vidole:
"Miaka miwili, mama, hata kuku hapiti."
Mkunazi nilikuwa nao, pale pembeni,
ule tuliochuma majani yake
siku ya kumwosha mume wangu.

Nilipanda kama ninavyoshona:
mstari wa kwanza wa kushikizia,
wa pili wa kukaza.
Chini ya dirisha la chumbani, dungusi.
Penye kisima, kayaba. Mlangoni, maua,
mgeni aone uzuri kabla hajaona kucha.
Watu wakasema mjane amejizika yu hai.
Miche ikanywa maji ya kuoshea mchele,
ikanyamaza, ikakua. Haikudai tokeni.

Mwaka wa tatu, usiku wa mvua za vuli,
nikasikia nguo ikipasuka.
Sauti hiyo naijua, nimekula nayo maisha yangu yote.
Kisha miguu. Kisha mvua peke yake.

Asubuhi kayaba ilikuwa imeshika
mfuko wa shati la mistari, wa kifuani.
Nikaugeuza. Mshono wa ndani umerudiwa mara mbili,
umefungwa kwa fundo dogo, kushoto.
Hakuna mwengine Kisauni nzima afungaye hivyo.

Adhuhuri akaja Mishi, mtandio umekaa upande:
"Niazime sindano, shoga.
Shekue amekanyaga mwiba, kusimama hawezi."
Nikaenda mwenyewe, na sindano, na chumvi.
Yule mtoto niliyempimia sare ya darasa la kwanza,
kifua wazi, mguu wake mapajani mwangu,
mzito sasa, mguu wa mwanamume.
"Mwiba wa wapi huu?"
"Wa njiani."
Njiani. Haya.
Nikaufuata palepale ulipoingilia,
maana mwiba hauna mlango mwengine,
nikautoa mzima, mrefu, mnyoofu, wangu.
Hakulia. Aliangalia vidole vyangu tu,
na mamake akanishukuru mpaka nikaona haya.

Ule mfuko nimeufua, nimeupiga pasi.
Umo ndani ya kopo la vifungo, na mwiba juu yake.
Siku akija kwa mlangoni, penye maua,
nitamrudishia,
na habari za cherehani nitamuuliza.

Leo nimepogoa. Kayaba imenidunga gumba,
haikuuliza mwenyewe ni nani.
Nimenyonya damu, nikaendelea na mkasi,
na upande wa kwa Mishi nimeacha pengo
la upana wa mtu mmoja anayepita mchana.
Sijui kama ni mlango
ama ni ujinga.