Transfoma Namba Kumi na Nne

Kihisi chenyewe hakizidi kiberiti.
Sumaku mgongoni, betri moja tumboni,
antena fupi kama sharubu la paka.
Burulcha aliviunda arobaini mezani kwa mama yake,
huku Naryn, akisogeza sahani za chakula cha jioni,
na kimoja hakikufika bei ya kilo mbili za kondoo.
Mkurugenzi alikishika kwa ncha za vidole.
"Cha rahisi ni ghali," akasema,
kisha akatia sahihi, maana za kununua kingine hazikuwepo.

Tulivibandika Oktoba, kabla theluji haijafunga njia.
Sagynbay alipanda nguzo akinung'unika.
Miaka thelathini na mmoja amezisikiliza transfoma
kwa bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini sikioni,
na akisema "huyu anaumwa", basi anaumwa.
"Leo kiberiti ndicho kinifundishe kusikia?"
Hatukumjibu. Upepo ulikuwa unapasua midomo.

Tangu hapo nakesha na namba.
Zamu ya usiku ni yangu: birika, jiko la koili, skrini yenye ufa.
Kila robo saa vinaninong'oneza kutoka mabondeni,
nyuzi hamsini na mbili,
nyuzi arobaini na tisa,
mvumo wa kawaida,
kama watoto waliotumwa dukani
wakirudiarudia ujumbe njiani wasije wakausahau.

Januari, thelathini na mbili chini ya sifuri,
namba kumi na nne ikaanza.
Saa nane usiku: sabini na moja.
Saa tisa: themanini na nne.
Alfajiri ikashuka, kama mtu aliyejifuta mdomo.
Usiku wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, tisini na tatu.
Ni nyumba kumi na moja tu zinazonyonya hapo,
na mita zao, daftarini, zote zina adabu.

Kihisi husema nyuzi. Hakisemi nani.

Tukaenda, Sagynbay na mimi, na majembe ya theluji.
Waya ulikuwa umelazwa chini ya barafu,
umeungwa vizuri, kwa mkono wenye subira,
ukaingia zizini kwa Mairamkan.
Ndani, koili mbili nyekundu juu ya matofali,
na wanakondoo kumi na tisa waliowahi kuzaliwa,
wengine bado wabichi, mvuke ukiwatoka mgongoni.
Hakukana.
"Mume wangu yuko Urusi. Tangu Novemba hajatuma kitu.
Kateni. Lakini mkate huku mmewatazama."

Nilifikiria zile nyumba kumi nyingine:
transfoma ikiungua usiku kama huu,
mpaka nyingine ifike kutoka Bishkek
mabomba yatapasuka, na vitoto vya binadamu navyo
havina manyoya.
Nilikuwa na hotuba tayari. Ilikuwa hotuba nzuri.

Sagynbay akavua glavu.
Akazima koili moja, akawasogeza wanyama kwenye iliyobaki,
akatoka, akaweka sikio lake la bisibisi, akatema mate.
"Fazi moja imebebeshwa mizigo yote," akasema,
"na hii ya pembeni imekaa bure kama shemeji mgeni."
Akakata umeme, akahamisha waya,
vidole vikigeuka rangi ya nta,
nami nikimmulikia, sina la kusema.

Ripotini niliandika: *Fazi hazikuwa na uwiano. Imerekebishwa.*
Hakuna neno la uongo humo. Nililihesabu kila moja.

Usiku ule, saa tisa: sitini na tatu.
Saa kumi: sitini na tatu.

Asubuhi Burulcha alikuja kusoma mchoro,
akaufuata kwa kucha mpaka mahali unapoanguka,
kisha mahali unapokataa kuanguka zaidi,
kile kimo kidogo cha koili moja, usiku kucha.
"Hapa pana mkono wa mtu," akasema.
Akanitazama.
Akaenda kuinjika birika.