Nafsi ya Tatu, Umoja

Jumatano na Ijumaa, baada ya magharibi,
naifunika cherehani kwa khanga kuukuu
napanda ngazi za duka la vyombo, hapa Wete,
hadi chumba cha juu chenye taa moja.
Tuko watano. Maalim Shaame, aliyesoma Mashhad miaka sita
akarudi na koti zito asilolivaa,
anaandika kutoka kulia, chaki inapiga kelele.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema
"Sisi Washirazi," huku akipara samaki,
wala hakujua neno moja la Kiajemi.
Alijua. Hakujua tu kama anajua.
Pamba aliiita pamba. Rangi, rangi.
Na kila usiku alilitia komeo dirisha.

Somo la kwanza: rang-e panbe.
Rangi ya pamba.
Hiyo e, asema Maalim, ndiyo ya yenu, wa yenu, cha yenu.
Na kwa vitabu? E.
Kwa watu? E.
Kwa maji, kwa macho, kwa mauti?
E ile ile.
Mbarouk wa forodhani akacheka hadi akakohoa:
watu gani hawa, wanaviunganisha vitu
bila kuviuliza kwanza ni vya ngeli gani?
Mimi nikapenda. Uzi mmoja, nguo zote.

Kitenzi nacho huja mwisho kabisa.
Wenzangu walilalamika. Mimi nilikwisha kujua:
kifungo hutiwa nguo ikishakuwa nguo.

Wiki ya tano, kwenda, wakati uliopita.
Man raftam.
To rafti.
U raft
na chaki ikasimama.
"Nafsi ya tatu, umoja, haina kitu mwishoni,"
akapiga kistari pale patupu
ili tupaone.

Nikakinakili kistari kile.
Msellem aliondoka na meli ya asubuhi kutoka Mkoani,
akachukua mkasi wangu mzuri, ule wa kukatia hariri.
Kwetu wakiniuliza husema: kenda.
Ile ka ni ndogo, kama tone la mafuta kwenye kanzu,
lakini ipo, imemshika mtu,
unaweza kuikasirikia.
Raft haina pa kushika.
Zoezi la usiku ule sikulifanya.

Nikarudi lakini. Ada nilishalipa.

Juzi Maalim ananiuliza kazi yangu.
Mi-duzam, nikajibu, nashona,
nikaongeza, kwa fahari, kwamba hii ni nyepesi:
mi- ndiyo mimi, kama kwetu.
"La, Bi Mize. Mi- ni kuendelea.
Wewe uko mwisho. Kwenye m."
Mbarouk akacheka tena. Nami nikacheka,
ingawa njiani, kwenye giza la umeme uliokatika,
nilikuwa nikilirudia neno lile polepole
kama mtu anayehesabu chenji.

Leo nina sare thelathini na mbili za skuli ya Limbani
na mabega yote hayajapachikwa mikono.
Kwa chaki ya fundi, upande wa ndani wa kitambaa cha buluu,
pale pindo litakapopaficha,
naandika: mi-duzam.
Kuendelea kwanza.
Kisha sindano.
Kisha mimi, herufi moja,
inayotamkwa kwa kufumba mdomo
hata ukiwa umebana pini.